Shangazi, posta ishachapishwa na mama hajui chochote

Shangazi, natumai uko salama. Mimi ni msichana wa miaka 21, niko mwaka wa pili kwa chuo kikuu kimoja cha umma hapa Nairobi, nasomea takwimu na uchumi, naishi bedsita Ngara na wasichana wengine wawili tunagawana kodi. Mama anauza nyanya na hoho Marikiti, anatoka nyumbani Kayole saa tisa usiku kila siku isipokuwa Jumapili, na ndiye ametulea sisi watatu peke yake, mimi ndiye kifungua mimba. Nakuambia hayo yote ndiyo uelewe kwa nini siku hizi silali.

Mwaka jana nilichaguliwa mwakilishi wa darasa, hata sikuwa nimeomba, ni venye tu nilikuwa nafika mapema na nina sauti ya kusikika nyuma. Semista ya pili matokeo yakatoka na watu 31 kwa darasa letu hawana maksi za somo moja la hesabu, mahali pa maksi kumewekwa tu kistari. Kistari Shangazi, na mtu alikaa kwa mtihani masaa mawili akaandika. Wengine wakaanza kuambiwa watarudia somo na mwaka ujao, mmoja akaanza kusema anarudi kwao Bomet. Nikanunua kaunta buku, nikaandika jina la kila mtu, namba ya usajili, tarehe ya mtihani na chumba alichofanyia. Nilizunguka wiki tatu. Idara inanituma kwa lekchara, lekchara hashiki simu, ofisi ya mitihani inaniambia rudi idara. Sasa siku moja nimekaa kwa ngazi nasoma hiyo kaunta buku ndipo nikaona ile safu ya chumba, wote 31 walifanyia chumba kimoja. Kumbe hakuna mtu alipotea, ilikuwa ni bahasha moja. Yule lekchara ni wa mkataba, anafundisha vyuo vitatu, nikamngoja Ijumaa kwa pakingi ya chuo kingine kutoka saa nane hadi saa kumi na moja, akafungua buti ya gari na bahasha ilikuwa hapo chini ya tairi la spea, imefungwa na kamba ya katani, haijawahi kufunguliwa. Aliona haya sana. Sikumsema vibaya, aliniambia hajalipwa miezi minne. Baada ya siku tisa maksi zikaingia, za wote 31.

Hapo ndipo jina langu likaanza kuzunguka. Kuna jamaa wa mwaka wa nne anataka uenyekiti wa chama cha wanafunzi, watu wanamwita mheshimiwa hata kabla ya kura, akanitafuta akaniambia lainapu yake, yaani kundi la wagombea wake, inahitaji naibu mwanamke na mimi ndiye makomredi, yaani wanafunzi wenzetu, wananijua. Akasema nisijichoshe, manifesto wataniandikia wao, kazi yangu ni kutokea kwa mikutano na kuomba kura kwa wasichana. Nikamwambia nitafikiria. Jioni hiyo hiyo akanitumia elfu tano kwa M-Pesa, ati ya kujipanga, nywele na nguo. Shangazi sikuiomba, lakini tulikuwa tumefungiwa mlango, elfu tatu mia mbili nikalipa kodi yangu iliyokuwa imebaki. Elfu moja mia nane bado iko kwa simu, siigusi, nikiiangalia roho inaniuma.

Jumanne nikaamka nikapata posta ishachapishwa. Picha wameitoa kwa status yangu ya WhatsApp, ile tulipiga na mama kwa harusi ya binamu yangu, wamemkata mama lakini hawakumaliza, mkono wake bado unaonekana begani mwangu. Chini wameandika jina langu na cheo. Mimi sijawahi kukubali.

Mikutano yao inafanywa usiku kwa klabu moja huko Thika Road, nilienda mara moja nikaondoka saa nne kwa sababu kuna mzee mmoja, si mwanafunzi, ndiye alikuwa analipa kila kitu na alikuwa ameanza kuniita nikae karibu yake. Wanasema huyo ni mtu wa mwanasiasa anayetaka kiti 2027. Pia wanasema wajumbe watapelekwa Naivasha wikendi ya kabla ya kura na nikae tayari. Nikimwuliza mheshimiwa maswali ananiambia nitazame Babu Owino, alianzia SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na 2017 akaingia bunge, ati siasa ya chuo ndiyo mlango na milango haifunguki mara mbili.

Mama akisikia neno siasa anaugua. Kaka yake alifukuzwa chuo miaka ya tisini baada ya mgomo, alirudi nyumbani na sanduku lake la bati na hakurudi shule tena, sahii anashona viatu Kariobangi. Na ile Juni 2024 watoto wa watu walipoingia barabarani kwa ajili ya mswada wa fedha, mama alinipigia simu mara kumi na saba siku moja, mimi nikiwa nimejifungia kwa nyumba.

Sasa shida yenyewe ni kwamba mimi naitaka hii kazi. Siku ile maksi ziliingia nililia kwa furaha kuliko siku niliitwa chuo. Nikikataa lainapu naogopa nitakuwa nimefunga mlango, nikikubali naogopa kile ninachokubali. Mama nimwambie ama nikae kimya hadi kura ipite? Nisaidie Shangazi.

Aliyekwama, Ngara


SHANGAZI ANAJIBU

Binti yangu, barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nasimama pale kwa ngazi umekaa na kaunta buku. Umeona ulichofanya pale? Watu wengine wote waliokuwa na hiyo shida walikuwa wanalia mmoja mmoja, kila mtu anaenda idara na kistari chake anafukuzwa na kistari chake, wewe ukawaweka 31 kwa karatasi moja na karatasi ikasema. Hiyo ndiyo kazi ya chama cha wanafunzi, hakuna nyingine kubwa kuliko hiyo, na wewe umeifanya bila kiti, bila posta, na bila elfu tano ya mtu. Kwa hivyo ukiniuliza kama unafaa kuingia uongozi nakuambia ingia, usiogope, nakuombea uingie. Lakini kwa hiyo lainapu usiingie.

Tuanze na pesa juu hiyo haingoji. Hiyo elfu moja mia nane irudishe leo, si kesho, kwa namba ile ile iliyotuma, na usipeane mkononi hata akikuambia mkutane mnywe chai. Kisha umtumie ujumbe mfupi wa heshima, mwambie hukuomba ile pesa, umerudisha hiki kiasi, elfu tatu mia mbili iliyobaki utaimaliza tarehe fulani, na jina lako haliko kwa lainapu yake. Weka tarehe unayoiweza kweli. Ujumbe wa M-Pesa usiufute, hata ukibadilisha simu, piga picha ya skrini uihifadhi. Najua hiyo elfu tatu ni nzito kwa mtu aliyefungiwa mlango juzi, wala sikulaumu kulipa kodi, mtu akiwa nje na godoro lake hawezi kufikiria vizuri. Lakini angalia venye imekufanyia: pesa ulizoacha kwa simu huzigusi na roho inakuuma, na hujasimama hata kwa mkutano mmoja wa kampeni. Sasa fikiria uko ofisini, mheshimiwa anakuletea karatasi usaini, na unakumbuka nani alikufungulia mlango wa nyumba.

Hiyo ya kusaini nitakuambia kitu ambacho sijakiandika hapa kabla. Mimi nilikuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi chuoni kwetu, chuo sitakitaja na ni miaka mingi. Niliingia kwa lainapu ya mtu, venye unaitwa wewe sasa, nilikuwa msichana wa pekee na nilifurahi sana kuitwa. Mwezi wa tatu kwa ofisi nikaletewa vocha ya mabasi manne ya kupeleka wanafunzi safari ya Nakuru, mwenyekiti akasema saini haraka madereva wanangoja, nikasaini kwa goti langu nikiwa nimesimama kwa korido. Jumamosi asubuhi nikafika pakingi nikahesabu mabasi. Yalikuwa mawili. Watu wamesimama ndani wamebanana, wengine wameachwa na mikate yao kwa mfuko, na mimi nimesimama hapo najua jina lililo kwa ile karatasi ni langu. Hakuna mtu aliniuliza siku hiyo. Waliniuliza miezi minane baadaye nikiwa nangoja kuhitimu, na mwenyekiti alisema yeye hakusaini kitu, na ilikuwa kweli. Nilihitimu mwaka mmoja nyuma ya wenzangu, mama yangu alikuwa ameshashona nguo ya sherehe. Ile pesa ya basi mbili sikuila hata shilingi, na bado hiyo haikunisaidia. Kwa hivyo ukiambiwa usijichoshe, sisi tutakuandikia, mimi nasikia ile sauti ya korido.

Sasa kuhusu kiti chenyewe, kuna kitu mheshimiwa hajakuambia, ama hajui. Hakufanyii hisani kukupa unaibu. Sheria ya vyuo vikuu ya 2012, venye ilibadilishwa 2016, inasema mwenyekiti na naibu wake wasiwe wa jinsia moja. Yaani mwanamume akitaka uenyekiti lazima apate naibu mwanamke, yeye ndiye anakuhitaji ndiyo tikiti yake isimame. Hicho kiti kimewekwa na sheria kwa ajili ya mtu kama wewe na unaweza kukiomba ukiwa na jina lako na maneno yako. Sheria hiyo hiyo inasema muhula ni mwaka mmoja na mtu anaweza kurudi mara moja tu, basi. Kwa hivyo huyo wa mwaka wa nne hata akishinda, mwaka ujao hayuko, na wewe ndiyo utakuwa mwaka wa tatu unabaki na madeni ya ofisi yake. Mlango unaofunguka mara moja ni wake yeye, wako bado.

Na hii ya Naivasha ujue inatoka wapi. Hiyo sheria ya 2016 ndiyo ilileta mambo ya wajumbe, wanafunzi wanapiga kura kwa idara ama kitivo, kila kundi linatoa wajumbe watatu wasiokuwa wote wa jinsia moja, halafu hao wajumbe ndio wanachagua baraza la viongozi wa chama. Zamani mtu alihitaji kushawishi maelfu ya makomredi pale uwanjani. Sasa chukua chuo chenye idara ishirini, hao ni wajumbe sitini, na watu sitini wanaingia kwa mabasi mawili wakalala hoteli moja wakala nyama. Ndiyo maana pesa ya nje inapenda sana hizi kura za siku hizi, ni bei rahisi. Usiende Naivasha. Hata kama unajua hutakula rushwa yoyote usiende, juu ukirudi hakuna mtu atakuuliza ulikula nini, wataona tu ulishuka kwa basi gani. Na usichukue neno langu peke yake, enda ofisi ya mkuu wa wanafunzi, yule dean, uombe katiba ya chama chenu na kanuni za uchaguzi, usome mwenyewe usiku mmoja na kalamu, uone kura inapigwa vipi kwenu, kampeni inaruhusiwa kutumia pesa ngapi, nani hafai kugombea. Utashangaa ni watu wangapi wanagombea na hawajawahi kuifungua.

Mimi ningekuwa wewe, mwaka huu ningegombea ujumbe wa idara yangu. Najua si kiti cha kupigiwa vuvuzela. Lakini fikiria, idara yako wanakujua, watu 31 wako hapo na marafiki zao, hauhitaji posta hata moja, unahitaji kusimama mbele ya darasa dakika tano na ile kaunta buku mkononi. Ukiwa mjumbe hao wagombea wote watakutafuta, mheshimiwa pia atakutafuta, na kila mmoja utamwuliza swali moja: maksi zikipotea utafanya nini, ndani ya siku ngapi, niandikie hapa na uweke saini. Andika majibu yao kwa safu venye uliandika vyumba. Halafu uwasomee darasa kabla hujapiga kura. Uliza mapema tu kama mjumbe anaruhusiwa kugombea kiti cha baraza kwa duru hiyo hiyo, usije ukafungiwa nje na kanuni hukuisoma. Mwaka ujao ukiwa wa tatu, deni limeisha, unajua baraza linafanya kazi vipi, gombea unaibu ama uenyekiti wenyewe, mbona isiwe uenyekiti.

Na ukiingia, usiishi kwa WhatsApp na matarumbeta. Kazi iko kwa vikao vinavyochosha. Vyuo vingi vina kiti cha wanafunzi kwa seneti ya chuo, kuna kamati ya nidhamu, ya mabweni, ya chakula, ya basari, na mara nyingi kiti cha mwanafunzi kinakaa tupu juu mheshimiwa ameenda kupiga picha na mheshimiwa mwingine. Hapo ndipo inaamuliwa nani anaingia kwa mtihani bila kumaliza karo pesa za HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi, zikichelewa. Kaa hapo, andika. Na ujue silaha zako ni za karatasi: kifungu cha 35 cha katiba ya nchi kinakupa haki ya habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Chuo chenu ni cha umma. Kila mwanafunzi analipa ada ya chama, basi andika barua moja ya heshima uulize mwaka uliopita ilikuwa ngapi na ilitumika wapi, peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Kifungu cha 47 nacho kinasema uamuzi wa ofisi ukikuumiza una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mtu aliyeambiwa arudie somo kwa sababu ya kistari ana haki ya hiyo barua. Wafundishe wenzako hayo mawili na utakuwa umewafanyia mengi hata usipochaguliwa.

Yule mzee wa Thika Road. Usirudi pale. Mkutano wa wanafunzi unafanywa mchana, kwa darasa ama chini ya mti, na wanafunzi. Anayelipa bili na si mwanafunzi hana shughuli na wewe, na akikupigia simu usimpokee, akizidi kuna ofisi ya mkuu wa wanafunzi na kuna dawati la jinsia kwa kituo cha polisi. Wale wasichana mnaoishi nao waambie kila kitu, majina, mahali, saa. Usibebe hiyo peke yako ati unaogopa watakuona mshamba. Kuondoka saa nne ulifanya vizuri kabisa.

Sasa mama. Hapa nataka unisikize polepole juu najua nusu yako ungetaka nikuambie ukae kimya hadi kura ipite, na sitasema hivyo. Mama yako hana woga wa bure. Titus Adungosi alikuwa mwenyekiti wa SONU, baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 akafungwa miaka kumi na akafia gerezani. Wafula Buke alikuwa mwenyekiti 1987, akafungwa miaka mitano. Februari 1997 Solomon Muruli, kiongozi wa wanafunzi pale Chuo Kikuu cha Nairobi, alikufa kwa moto chumbani mwake hosteli. Hao walikuwa watoto wa mama fulani, na kaka yake mama yako alikuwa chuo katika hiyo miaka, walikuwa wanasikia hizo habari kwa redio wakingoja kuona kama ni yeye. Halafu 2024 ikaja ikamkumbusha. Mara kumi na saba binti yangu, hiyo si kusumbua.

Na huyo mjomba wa Kariobangi, umewahi kumwuliza? Nauliza hivyo juu kwa barua yako yuko kama ushahidi wa mama, sanduku la bati limerudi basi, hasemi neno. Mimi ningeenda kwake Jumamosi na kiatu cha kushonwa, nikae kwa ile stuli yake, nimwulize walikuwa wanagomea nini, nani alimtaja, kama barua ya kufukuzwa ilikuja kwa maandishi, kama alikata rufaa, na kama angerudi angefanya nini tofauti. Pengine atakuambia usiguse kabisa, umsikize. Pengine atakuambia kitu ambacho hajawahi kumwambia dada yake miaka hiyo yote. Nimeongea na wengi waliofukuzwa wakati ule, wengi hawajutii kusimama, wanajutia kwamba hawakuwa na karatasi yoyote mkononi, walisimama na midomo tu. Ukimpata anakuelewa, mwombe aje siku utamwambia mama.

Mama mwambie Jumapili, siku ambayo haendi soko, akishakula. Usianze na siasa. Anza na kistari. Mwambie ile hadithi yote, ngazi, pakingi, tairi la spea, kamba ya katani, yule lekchara asiyelipwa, naamini hajawahi kuisikia. Mwonyeshe hiyo kaunta buku, mama anayeuza Marikiti anajua kaunta buku ni nini, yeye mwenyewe anaandika hapo madeni ya watu wa nyanya. Kisha mwambie kuhusu elfu tano kabla hajasikia kwa mtu mwingine, hata akikasirika. Pengine atakasirika sana. Mwambie umerudisha ngapi na imebaki ngapi. Halafu ndiyo umwambie unataka kugombea ujumbe wa idara, na umwambie mipaka yako, kwamba hakuna mikutano ya usiku, hakuna pesa ya mtu, kukiwa na mgomo wa kurusha mawe hauko, na matokeo yako ya semista utamletea yeye kwanza. Akisema hapana usibishane siku hiyo. Rudi Ngara, mpe wiki, mjomba aongee. Mimi sitakuambia umvunje mama kwa ajili ya kiti cha chuo, lakini pia sioni mama aliyeamka saa tisa usiku miaka yote hiyo ndiyo usome akikataa ukiwasaidia watoto wa wengine wasome.

Masomo nayo hukuniuliza lakini nasema: takwimu si somo la kusoma usiku wa kabla ya mtihani. Hesabu masaa ya kila wiki, ukianza kukosa CAT, ile mitihani midogo ya semista, kwa sababu ya mikutano punguza mikutano.

Posta ndiyo nimeiweka mwisho juu ndiyo imenikaa roho zaidi. Hiyo picha hawakuwa na ruhusa yako, na nchi hii ina sheria ya kulinda data ya mtu tangu 2019, picha yako na jina lako ni data yako. Leo, ukishatuma ile pesa, mwandikie mheshimiwa ujumbe wa pili, mwambie ana hadi kesho saa kumi na mbili jioni posta zote zitolewe ukutani na mtandaoni, na nakala upeleke ofisi inayosimamia uchaguzi ili ijulikane wewe si mgombea wao. Wakikawia, chukua mmoja wa wale wenzako wa bedsita mzunguke mtoe wenyewe. Moja usiitupe. Kunja vizuri, uende nayo nyumbani Jumapili, umwonyeshe mama ule mkono wake.

Niandikie nijue mjomba alisema nini.

Shangazi